Kiingereza cha Wenye Bucha

Zuleka Shukri aliporudi Meru, watu wa Majengo walimuuliza swali moja: utafundisha nani?

Kazi yake waliijua. Miaka yote aliyokaa Nairobi alikuwa akifundisha wageni Kiingereza. Walikuwapo vijana wa Sudan Kusini waliongojea kuingia chuo kikuu, mainjinia wa Kichina wa barabara, akina mama wa Kikongomani waliotaka kuzungumza na walimu wa watoto wao. Sasa Meru mgeni wa namna hiyo atatoka wapi? Na wenyeji Kiingereza walishakutana nacho shuleni. Waliokiweza walikiweza, na ambao kiliwashinda walishakisahau kwa moyo mkunjufu.

Hakurudi kwa ajili ya kazi. Mama yake alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na alikuwa amekataa katakata kuhamia Nairobi. "Nikakae ghorofani kama njiwa?" aliuliza. Basi Zuleka akafunga mizigo, akarudi nyumbani kumtazama, na kwa wiki kadhaa kazi yake ikawa kupika uji na kubishana na mgonjwa juu ya mazoezi ya mguu.

Aliyemtoa nyumbani ni Samsam, muuza vitambaa. Samsam alikuja Meru akiwa bi harusi kutoka Garissa, na sasa alikuwa na wajukuu. Alijua Kisomali, Kiborana, Kiswahili, na Kimeru cha sokoni cha kutosha kumnyima mteja punguzo bila kumuudhi. Kiingereza ndicho kilichombakia.

"Nikienda benki," alimwambia Zuleka, "yule kijana anaongea na mwanangu. Mimi nimeketi pale kama mzigo wa mwanangu. Na pesa ni zangu, wallahi! Mwalimu, juu ya duka langu kuna chumba. Kichukue. Kodi yako ni kunifundisha mimi."

Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama soko na harufu ya kitambaa kipya. Zuleka akatundika ubao, akaomba viti vya arusi kutoka msikitini, akatangaza darasa la watu wazima. Alichagua saa nane mchana, kwa sababu saa hiyo wateja wa asubuhi wameshaondoka na wa jioni hawajafika.

Watu walikuja. Wa kwanza alikuwa Kaburu, dereva wa tuktuk, mtu wa Muthara, aliyetaka kuwaelewa watangazaji wa mpira. "Wanapiga kelele, wenzangu wanacheka," alisema, "mimi nacheka nyuma yao kama mtu aliyechelewa matanga." Akaja Mzee Idrisi mwenye bucha. Yeye alikuwa amesikia kwamba hoteli moja ya wageni huko Kiirua inatafuta mtu wa kuwapelekea nyama ya halali, na kwamba mpishi wao mkuu ni mtu wa ng'ambo asiyejua neno la Kiswahili. Baadaye akaja Khalifa, naye pia mwenye bucha. Binti yake Aaliyah aliolewa Kanada, na huko amezaa mtoto wa kike ambaye hasemi ila Kiingereza.

"Ananipigia simu ya video," Khalifa alieleza. "Ananiangalia, anangoja babu aseme kitu. Mimi nasema 'Good morning'. Kwao ni jioni, nasema 'Good morning'. Mtoto anacheka, mama yake anacheka. Siku moja atadhani babu yake ni kasuku."

Kwa kuwa watu walikuwa wengi kuliko viti, Zuleka aliwagawa makundi mawili. Idrisi akawa wa Jumatatu, Khalifa wa Jumanne. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba watu wale wawili walipita juu ya ngazi zile zile majuma mengi bila kukutana.

Kisha Idd ikakaribia. Mizigo ya vitambaa ya Samsam ikajaza duka ikapanda hadi darasani, na ikabidi chumba kitumike siku moja tu kwa wiki. Zuleka akasema atawaunganisha wote.

"Usiwaunganishe," Samsam alisema. "Utakuwa umetia paka wawili gunia moja."

"Paka gani?"

"Idrisi na Khalifa. Kumbe hujui? Ni ndugu, mama mmoja baba mmoja. Bucha zao zinapakana, na hawajasalimiana tangu mama yao afariki."

Akamweleza. Bi Mwanakombo alifariki asubuhi, ghafla. Khalifa alikuwa Marsabit akinunua ng'ombe, mahali ambapo simu haishiki. Idrisi, mtoto mkubwa, alipiga na kupiga. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi, na baada ya alasiri wakamzika. Khalifa aliingia Meru jioni ile juu ya lori la ng'ombe, akakuta watu wanakung'uta udongo mikononi. Tangu siku ile hakusema na Idrisi tena.

Zuleka alifikiri. Kule Nairobi alishawahi kuwakalisha benchi moja vijana ambao makabila yao yalikuwa vitani, wakafundishana kutaja matunda. "Waje," akasema. "Darasa ni darasa."

Siku ya kwanza ya kundi moja, Idrisi aliketi karibu na dirisha na Khalifa karibu na mlango. Katikati yao kulikuwa na Kaburu, Samsam, wanafunzi wengine, na marobota ya vitambaa. Somo lilikuwa wakati uliopita. Zuleka aliandika ubaoni 'did', na kando yake '-ed'.

"Hawa wawili ni wake wenza," alisema. "Mmoja akiingia chumbani, mwingine anatoka. 'I waited', nilingoja. 'I did not wait', sikungoja. 'Did' imeingia, '-ed' imetoka. Hamtawaona wamekaa pamoja hata siku moja."

"Tunawajua wengine wa namna hiyo," Kaburu alisema chini chini, akitazama dirishani kisha mlangoni.

Zuleka akawaambia wakae wawili wawili waulizane maswali. Samsam akamvuta Kaburu, wengine wakachaguana. Waliobaki ni ndugu wawili.

"Mwalimu," Khalifa akasema, "nipe hata kiti kitupu niongee nacho. Mimi na huyu hatusemezani."

"Kwa lugha gani?" Zuleka akauliza.

"Lugha gani vipi?"

"Hamsemezani kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Kwa Kimeru. Kwa zote tunazojua."

"Kwa Kiingereza mmeshawahi kugombana?"

Khalifa alikuwa mtu mkweli. Alilifikiria swali lile kwa makini, akakuna ndevu. "Kwa Kiingereza bado," akakiri.

"Basi kaeni."

Wakakaa, magoti yakitazama pande tofauti. Idrisi alisoma swali ubaoni polepole: "What did you do yesterday?" Jana ulifanya nini. Khalifa akaujibu ukuta: "I sold meat." Niliuza nyama. Akauliza yeye. Idrisi akasema naye aliuza nyama. "What did you eat?" "I ate meat." Nilikula nyama. Kaburu akashindwa, akacheka hadi kiti kikalia, na hata Zuleka akageukia ubao kuficha uso.

"Vizuri," alisema alipoweza. "Sasa acheni ya jana. Rudini nyuma zaidi. Kila mtu aulize swali lake mwenyewe, lisilo la ubaoni."

Idrisi alikuwa bado akitafuta lake. Ni Khalifa aliyesema, na alisema haraka, kama mtu anayetema mfupa.

"Why did you not waited me?"

Samsam, upande wa pili, hata hakuinua kichwa. "'Wait'!" alimkosoa. "Umeweka wake wenza chumba kimoja." Ndipo akasikia alichokuwa anakisahihisha, na mkono ukaenda mdomoni.

Khalifa alikuwa mwanafunzi mtiifu. Akalirudia, sasa bila kosa: "Why did you not wait?"

Kwa nini hukungoja. Darasa zima lilielewa, na chini sokoni mtu aliendelea kutangaza bei ya vitunguu.

Swali lile Idrisi alishalijibu mara nyingi kwa Kiswahili, kwa kila mtu isipokuwa ndugu yake. Alikuwa na majibu mazuri. Alikuwa na maneno ya wazee, na sheria ya mazishi, na jua la siku ile, na mtandao wa Marsabit. Angeweza kusimama mbele ya baraza lolote akashinda. Lakini kwa Kiingereza hakuwa na hata moja ya majibu hayo. Alikuwa na maneno aliyofundishwa na Zuleka, basi.

"I called you," alisema. Nilikupigia. "I called. I called. No phone." Akanyoosha mikono miwili kama mtu aliyebeba maiti. "I carried Mother. I looked the road."

"'Looked at the road'," Samsam akanong'ona, machozi yameshamtoka.

"I looked at the road," Idrisi akarudia. Nilitazama barabara. "Every car. Not you." Kila gari, si wewe. Alitafuta tena, akatazama ubao kama utamsaidia, haukumsaidia. "I was afraid. The old men talked, I was afraid. I am wrong. I am sorry, my brother." Niliogopa wazee, nisamehe ndugu yangu.

Zuleka alisikia kwamba amesema 'nimekosea' mahali pa 'nilikosea'. Hakugusa. Wakati ule uliopo aliuacha ukae pale pale alipouweka mwenyewe.

Khalifa alisimama. Alichukua kofia yake juu ya robota, akaiweka kichwani, akashuka ngazi. Walimsikia ngazi hadi ngazi, kisha hawakumsikia tena.

Jioni Zuleka alikaa kando ya kitanda cha mama yake akiwa amekata tamaa. "Nimewaharibia," alisema. "Nilidhani nina akili sana."

"Jipu likipasuliwa mtu hulia," mama yake alisema, "halafu hulala usingizi. Hebu nisaidie nisimame, ule mguu leo una nguvu." Na kweli siku hiyo alifika mlangoni bila fimbo, akarudi akijisifu.

Juma lililofuata Khalifa hakuja. Idrisi alikuja, akaketi karibu na mlango kwenye kiti cha ndugu yake, na kila mara ngazi zilipolia aligeuza kichwa. Juma lingine pia Khalifa hakuonekana. Zuleka akaona hawezi kungoja zaidi. Akachukua kikapu, akaenda bucha kununua nyama.

Khalifa alikuwa peke yake, amevaa koti jeupe, mguu wa ng'ombe mbele yake. Alimkaribisha kwa heshima, akauliza hali ya mama, akachagua pande zuri. Kisha shoka likabaki hewani.

"Mwalimu, mtu mwenye hasira wanamwitaje?"

"'Angry'."

"Na nikitaka kusema hivi," alisema huku akitazama nyama, "kwamba hasira yangu ilikuwa ya barabara, na ya lori lile bovu, na ya Marsabit. Lakini barabara huwezi kuinunia, haijali. Sasa nikamnunia aliyekuwa hapa. Hiyo inasemwaje?"

"Hiyo ni ndefu, Baba Aaliyah. Tuikate vipande."

Wakaikata. Walijaribu maneno makubwa wakayaacha, wakabakiwa na madogo. Khalifa alilisema kila pande huku akipasua mfupa, ili lisimtoke: nilikuwa na hasira, barabara ilikuwa mbali, wewe ulikuwa karibu. Mama mmoja aliyengoja kununua maini aliwatazama, akamuuliza Zuleka kama siku hizi nyama inasomewa kwanza.

Darasa lililofuata Khalifa alikuwa wa kwanza kufika. Idrisi alipoingia alimkuta amesimama katikati ya marobota, mikono imenyooka, kama mtoto anayekariri shairi mbele ya wageni wa shule.

"I was angry," Khalifa alianza, kabla hata ya salamu. "The road was far. You were near."

Idrisi alimtazama, akamtazama Zuleka. Uso wake ulionyesha kwamba amepewa kitu kizito na hajui akishike wapi. "'Near' ni nini?" akauliza.

"Karibu!" Kaburu akadakia kutoka nyuma.

"Asante," Khalifa akamjibu, kwa mazoea tu, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu.

Kisha Idrisi akaanza kucheka. Alicheka akashika ubao, akacheka akakaa chini juu ya robota la kanga, na Khalifa, alipogundua alichosema, akaangua kicheko ambacho, Samsam aliapa baadaye, ni kile kile cha marehemu Bi Mwanakombo. Walipomaliza walikuwa wameshikana mabega, na haikujulikana nani alimshika mwenzake kwanza. Zuleka hakufundisha lolote siku hiyo. Samsam aliagiza chai na mahamri, na Kaburu akala ya watu wawili.

Tangu siku ile sokoni kukawa na mambo. Ndugu wale walisemezana, lakini kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili bado walikionea haya, kilikuwa na mengi ndani yake. Asubuhi ungemsikia Idrisi akiita kutoka bucha yake, "Good morning, my brother! How is your liver?" na Khalifa akijibu kwamba maini yake ni mazuri sana, ameyauza yote. Wateja walisimama makusudi kusikiliza. Wanafunzi wa sekondari walipita wakiwasahihisha, nao wakasahihishwa kwa kisu kilichoinuliwa kwa mzaha. Yule mjukuu wa Kanada akapata babu wa kuongea naye, tena akapata na babu wa pili, ambaye alijisukuma mbele ya simu kumwonyesha kichwa cha mbuzi. Mtoto alipiga kelele kwa furaha. Mama yake, Aaliyah, aliomba aone vizuri ni nani huyo, na alipoona ni nani, ikabidi mtoto amwambie asilie.

Ndipo Idrisi akaitwa Kiirua. Ile hoteli ilitaka kumwona. Usiku wa kuamkia safari hakulala, na asubuhi alimwendea Khalifa.

"Come with me," alimwambia. "I have English, but it runs away." Kiingereza anacho, ila humtoroka.

Wakaenda wote, wamevaa makoti ya Ijumaa, na sanduku la visu katikati yao. Zuleka alishinda na wasiwasi kama mzazi wa mtahiniwa.

Walirudi jioni wakapanda ngazi wakiongea wote kwa pamoja.

"Mwalimu, yule mpishi ni Mturuki!" Idrisi alisema. "Anaitwa Orhan. Tumefika, nimemwambia maneno yote niliyoyaandaa. Nimemwambia 'We are pleased to meet you.' Amekaa tu. Nimesema, basi nimekosea kila kitu."

"Kumbe hajui!" Khalifa akamaliza. "Kiingereza chake ni cha darasa letu la kwanza, Mwalimu. Ana 'yes', ana 'no', ana 'salt'. Wapishi wake vijana wa kule kule Kiirua wanamwogopa wakidhani ni mkali, kumbe maskini amekosa maneno. Sisi tumeongea naye kwa kondoo."

"Kwa kondoo?"

"Nimempasua kondoo mbele yake. Yeye akachora kwa kidole anavyotaka mbavu, mimi nakata, Idrisi anataja jina. Amefurahi mpaka ametukumbatia. Kazi tumepata, sisi wawili, pamoja. Lakini si hilo tulilokimbilia kukuambia."

"Ni lipi tena?"

Ndugu wakatazamana. Idrisi akajikohoza. "Tumemwambia tuna mwalimu," alisema. "Anakuja Jumanne. Siku yake ya mapumziko."

Zuleka alikaa kitini. Alikuwa amedhani wanafunzi wa ng'ambo amewaacha Nairobi moja kwa moja, na kwamba hilo ndilo alilolipa kwa ajili ya mguu wa mama. Sasa mmoja analetwa kwake na wenye bucha, kama mtu anavyoletewa pande la nyama lililochaguliwa.

Jumanne Kaburu alimchukua Orhan stendi kwa tuktuk, akamzungusha mji mzima kwanza ili watu wamwone. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye masharubu, na alibeba sinia ya vitamutamu vya asali na karanga alivyopika mwenyewe. Samsam alionja kimoja, akatangaza kwamba mtu huyu tayari amefaulu. Zuleka akamkaribisha, akaandika jina lake ubaoni, akasema leo watakaa wawili wawili, na mgeni apate mwenzake.

"Atakaa na mimi," Idrisi akasema mara moja, na alisema kwa Kiswahili. "Mimi ndiye niliyeitwa Kiirua."

"Uliitwa, lakini nani alikata kondoo?" Khalifa akajibu, naye kwa Kiswahili. "Ungekuwa peke yako mngekuwa bado mnatazamana kama sanamu."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Ukubwa gani? Tangu utoto unanyakua kiti cha karibu na mgeni ili upate vitamu!"

"Nyamaza wewe!"

"Nyamaza wewe kwanza!"

"Kiingereza, jamani!" Samsam akalia. "Tuna mgeni!"

Zuleka alimwekea mkono begani. "Waache," alisema. Alisimama na kalamu ya ubao mkononi, akawasikiliza wakigombana kwa lugha ya mama yao, wakikumbushana makosa ya utotoni, sauti zikipanda, wakinyoosheana vidole, hadi watu wa chini dukani wakatoa vichwa nje kutazama juu. Kisha akavuta kiti, akakiweka katikati yao, akamketisha Orhan hapo.

Somo lilianza likiwa limechelewa sana. Hakuna aliyejifunza mengi siku hiyo isipokuwa Orhan, aliyeshuka ngazi na sinia tupu mkononi, akirudia kwa furaha neno la kwanza la Kiswahili alilolishika Meru, akimwambia kila aliyekutana naye njiani, kwa heshima zote: "Nyamaza! Nyamaza!"